Nimeokoka, na nimekosa: je, Mkristo anaweza kuishi bila dhambi?

Biblia ya babu yangu, ile ya tafsiri ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, ukiiweka mezani hufunguka yenyewe penye waraka wa kwanza wa Yohana. Kurasa za hapo zimelegea kama noti iliyopita mikono mingi, na pembeni mna alama za penseli nyekundu. Sura ya 1, mstari wa 8, amepiga mstari chini: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe, wala kweli haimo mwetu." Sura ya 3, mstari wa 9, penseli ileile: "Kila mtu aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi." Hakuandika maelezo yoyote. Alichora mshale kutoka mstari huu kwenda ule, na mshale mwingine wa kurudi.

Mwandishi ni mmoja, barua ni moja, na kati ya kauli hizo mbili hazipiti hata sura mbili kamili. Mshale wa kwanza unakwambia: ukidai huna dhambi, umejidanganya. Wa pili unakwambia: ukitenda dhambi, hukuzaliwa na Mungu. Ukisoma harakaharaka unabaki huna pa kukanyaga.

Nimeona watu wakiumia hapo. Kuna binti niliyewahi kuketi naye baada ya mkutano wa injili, amekaa kwenye benchi la nyuma huku wenzake wakienda mbele kutubu. Alikuwa ameshakwenda mara sita au saba, mikutano tofauti. Kila alipoteleza alihesabu kwamba zile mara za nyuma zote hakuwa ameokoka kweli. Sasa alikuwa amechoka. Na kuna mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima na heshima zake, ambaye alipoulizwa habari za nyumba ndogo yake alijibu bila kupepesa macho: "Sisi ni binadamu. Hakuna mkamilifu chini ya jua." Wote wawili walikuwa na andiko. Binti alishikwa na sura ya 3, mzee alijificha nyuma ya sura ya 1. Swali la kama Mkristo anaweza kuishi bila dhambi limewafikisha wote wawili pabaya, mmoja kwenye kukata tamaa, mwingine kwenye kustarehe. Kwa hiyo nadhani inafaa tulifungue taratibu.

Tuanze na lugha yetu, maana inatusaidia kuliko tunavyoijali. Tuna neno "kukosa". Mwindaji amerusha mkuki, amemkosa paa. Nimekosa basi. Amekosa adabu. Umemkosea mama yako, nenda ukamwombe radhi. Neno moja linabeba kupotea shabaha, kupungukiwa, na kumtenda mtu vibaya. Kitenzi cha Kigiriki ambacho Agano Jipya linakitumia kwa kutenda dhambi kina historia hiyohiyo: karne nyingi kabla ya mitume, washairi wa Kigiriki walikitumia kwa mkuki uliorushwa ukapita pembeni. Halafu tuna neno "dhambi", lililotujia kutoka Kiarabu, lenye uzito wa hatia mbele ya Mungu. Mtu anaweza kukosa njia bila kuwa na dhambi. Lakini kila dhambi ni namna ya kukosa.

Sasa chukua swali letu ulipime kwa maneno hayo mawili. Kama shabaha ni ile aliyoitaja Bwana mwenyewe, kumpenda Mungu kwa moyo wote, kwa roho yote, kwa akili zote na kwa nguvu zote, na jirani kama nafsi yako, basi nani ameigonga katikati kabla ya chai ya asubuhi? Hapo kila mtu amepungukiwa, tena sana. Lakini kama tunauliza juu ya uasi, yaani jambo ninalojua Mungu amelikataza nami nikalitazama, nikapima, nikalichagua, hilo ni swali lingine kabisa. Mabishano mengi niliyoyasikia makanisani yanatokana na watu wawili kutumia neno moja huku kila mmoja akiwa na kipimo chake mfukoni.

Tumrudie Yohana. Ufafanuzi unaotolewa mara nyingi unategemea sarufi. Kigiriki cha 3:9 kiko katika wakati uliopo, ambao huweza kubeba maana ya tendo linaloendelea au mazoea. Kiswahili nacho kinafanya jambo hilohilo kimyakimya. Ukisema "mzee huyu hanywi pombe", hukusema kwamba tone halijawahi kugusa mdomo wake. Umeeleza maisha yake. Kiambishi "hu-" cha mazoea hakina ukanushi wake, kwa hiyo "hutenda" na "anatenda" vyote vikikanushwa vinakutana kwenye "hatendi". Mstari wetu wa Kiswahili, kwa hiyo, unaweza kusomwa "hana mazoea ya kutenda dhambi", na wahubiri wengi wanausoma hivyo.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini siyaegemei peke yake. Nenda 5:16, barua ileile: "Mtu akimwona ndugu yake anatenda dhambi isiyo ya mauti, ataomba..." Huyo ni ndugu, yuko ndani ya nyumba ya imani, na kitendo chake kimeandikwa kwa wakati uleule uliopo. Kama sarufi ndiyo ingekuwa nguzo, nyumba ingeanguka hapo.

Kinachoshika zaidi ni kujua Yohana alikuwa anamwandikia nani na juu ya akina nani. Sura ya 2 inataja watu waliotoka katika kanisa: "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu." Kwa jinsi anavyowajibu, inaonekana walidai kumjua Mungu na kutokuwa na dhambi, na wakati huohuo hawakuwajali ndugu zao. Basi katika sura ya 1 anawavunjia dai lao, na katika sura ya 3 anawavunjia maisha yao. Hapo dhambi anaiita uasi, na mfano anaoutoa ni Kaini, aliyemuua nduguye. Huyo, anasema, hakuzaliwa na Mungu. Mtu aliyezaliwa na Mungu hawezi kukaa humo akatulia, kwa sababu uzao wa Mungu unakaa ndani yake.

Kati ya sura hizo mbili umekaa mstari ambao babu hakuupigia alama, nami ningeupigia: 2:1. "Watoto wangu wadogo, nawaandikia haya ili kwamba msitende dhambi. Na kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba." Angalia neno "kama". Lengo limetajwa waziwazi, msitende. Kuanguka kumetajwa kama ajali, na msaada wa ajali umeshaandaliwa. Mtu anayepanga safari hapangi ajali, lakini anajua hospitali iko wapi.

Paulo anakwenda njia hiyohiyo kwa sauti nyingine. Katika Warumi 6 anaahidi kwamba "dhambi haitawatawala ninyi". Neno ni kutawala. Hakusema haitawabishia hodi, wala haitawajaribu. Kisha sura ya 7 tunamsikia mtu akilia kwamba jema alipendalo halitendi, na baya asilolipenda ndilo atendalo. Huyo "mimi" ni nani? Paulo kabla ya kuokoka, au Paulo mtume? Wafafanuzi hawajakubaliana mpaka leo. Agostino mwenyewe alianza kwa kufundisha kwamba ni mtu aliye chini ya sheria, halafu uzeeni akabadilisha mawazo akasema hata mwamini anaweza kulia hivyo. Ninachokiona mimi ni kwamba anayelia amelichukia baya lile. Mzee wa nyumba ndogo hakuwa analia.

Agostino nimemtaja, basi tukae naye kidogo, maana kesi hii iliamuliwa Afrika kwa mara ya kwanza. Alikuwa askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo. Aliyebishana naye ni Pelagio, mtu wa maisha ya kujinyima aliyetoka Uingereza akaishi Roma, akachukizwa na Wakristo waliolegea. Hoja ya Pelagio ina nguvu, na tusiidharau: Mungu hawezi kuamuru lisilowezekana. Akisema muwe wakamilifu, basi inawezekana, jitahidini. Nani hajawahi kusikia hoja hiyo mimbarani?

Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, karibu na Tunis ya leo, mwaka 418. Jibu lao limejengwa juu ya sala ambayo kila mtoto wa jumapili anaijua. Bwana aliwafundisha wanafunzi wake kusema "Utusamehe deni zetu". Pelagio na wenzake walisema watakatifu wanaitamka sala hiyo kwa unyenyekevu tu, au kwa niaba ya wengine. Maaskofu wakakataa: wanaisema kwa kweli, kila mmoja kwa ajili yake mwenyewe. Mimi huongeza jambo moja dogo. Ombi hilo limewekwa mara baada ya "Utupe leo riziki yetu". Kama tunahitaji kula kila siku, basi na kusamehewa tunahitaji kila siku. Wala hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa tutasikia njaa tena kesho, leo tusile.

Baada ya hapo makanisa yaligawana njia, na inafaa kujua wapi hasa yaligawana, maana mara nyingi tunarushiana maneno bila kujua. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ubatizo unaondoa dhambi ya asili, lakini tamaa inabaki. Tamaa hiyo yenyewe haihesabiwi dhambi mpaka mtu airidhie. Linatofautisha dhambi ya mauti na dhambi ndogo, na kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano wake mkuu wa maaskofu, mwaka 1547, lilisema kwamba mwenye neema hawezi kuepuka dhambi ndogo zote maisha yake yote ila kwa upendeleo wa pekee wa Mungu, kama linavyoamini juu ya Bikira Maria. Maana yake, kuishi bila dhambi ya mauti ni jambo linalotarajiwa kwa Mkatoliki wa kawaida. Na bado huyohuyo, akiingia Misa, anagonga kifua: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana.

Martin Luther, ambaye Walutheri wanabeba jina lake, hakukubaliana na hesabu hiyo ya tamaa. Kwake tamaa yenyewe ni dhambi, hata kabla hujainuka kitini. Ndiyo maana alisema Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja: mwenye haki kwa sababu ya Kristo, mwenye dhambi akijitazama mwenyewe. Babu alikuwa Mlutheri wa Bukoba, na kila Jumapili aliungama pamoja na kanisa zima. Kuna wanaoichukua kauli hiyo ya Luther kama kibali. Luther hakuitoa kwa ajili hiyo. Aliitoa kwa mtu anayekosa usingizi.

John Wesley, aliyeishi Uingereza kati ya 1703 na 1791, alikwenda mbali zaidi ya hapo, naye ndiye baba wa wote wanaohubiri kwetu kwamba inawezekana: Wamethodisti, waliofika Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862, Jeshi la Wokovu lililofika Kenya 1921, Wanazareti, Wamethodisti Huru wa Burundi. Wesley alifundisha kwamba Mungu anaweza kuujaza moyo wa mtu upendo hata usibaki na nafasi ya kuchagua dhambi. Lakini soma kwa makini alivyoieleza dhambi anayoizungumzia: ni kuvunja kwa hiari sheria ya Mungu unayoijua. Kutojua, kusahau, kukosea hukumu, udhaifu wa mwili, hayo alisema yanabaki mpaka kaburini, nayo pia yanahitaji damu ya Yesu. Naye hakudai kwamba yeye mwenyewe amefika.

Wengine katika jumuiya yake walidai. Mmoja, George Bell, aliyekuwa askari, alisimama katika mikutano ya London akisema waliotakaswa wamekuwa kama malaika, hawawezi kuanguka tena. Kutoka hapo alifika mahali pa kutabiri kwamba dunia itaisha tarehe 28 Februari 1763. Wesley aliikana habari hiyo hadharani, na usiku ule akahubiri kuipinga. Asubuhi jua likachomoza kama kawaida, na Wamethodisti wakabaki na aibu ya kubeba kwa miaka. Sitaji habari hii ili kumcheka Bell. Naitaja kwa sababu nimeona njia hiyo ikipitwa tena huku kwetu: mtu akishaamini hawezi kukosea, hana tena sababu ya kumsikiliza anayemwambia umekosea, na hapo hata kosa kubwa linapita mlangoni likiitwa ufunuo.

Kutoka kwa Wesley mkondo unapita Keswick, mji wa kaskazini mwa Uingereza ambako kuanzia 1875 Wakristo wamekutana kila mwaka kutafuta maisha ya ushindi juu ya dhambi. Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuwa amekunywa mafundisho ya namna hiyo. Mwaka 1929 alifika Kampala akiwa amechoka, na pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile. Walikaa na Biblia siku mbili, wakisoma na kuomba. Katika miaka ya 1930 moto ukatoka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Kagera na Kenya. Tunauita Uamsho wa Afrika Mashariki, na watu wake walokole.

Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo ndugu zetu walipotoa jibu bora kuliko maprofesa. Swali la Keswick lilikuwa: nifanyeje nisitende dhambi? Walokole walilichukua, kisha wakaweka lingine mbele yake: nikitenda, nifanye nini, na kwa haraka gani? Jibu walilipata katika mstari uliotangulia ule wa kwanza wa babu, 1:7: "Tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Angalia vizuri. Wanaotembea nuruni ndio hao hao wanaosafishwa. Nuru haikuwafanya wasiwe na doa. Iliwaonyesha doa liko wapi.

Babu alikuwa karani wa kupima kahawa. Wakulima walileta kahawa ya maganda kwenye magunia, gunia linaning'inizwa kwenye ndoana ya mizani, karani anasoma na kuandika. Yeye alikuwa na mbinu ya goti. Alisimama karibu na gunia kana kwamba analituliza lisibembee, goti linagusa kitako cha gunia kwa chini, linalinyanyua kidogo tu. Kilo mbili, tatu zinapotea. Mkulima yuko upande wa pili, haoni. Zile kilo jioni zilikuwa za babu na mwenzake.

Alipookoka, mwaka 1957, kitu cha kwanza alichokifanya ni kununua daftari. Aliandika majina aliyoyakumbuka, akauza ng'ombe wawili, akaanza kuzunguka vijijini. Wengine walidhani ana wazimu. Mmoja alimtandika bakora mbili, kisha akamkaribisha kahawa. Bibi alikuwa akisimulia kwamba goti lile halikugusa gunia tena tangu siku ile, wala babu hakuiba chochote kwa miaka iliyobaki ya maisha yake. Waefeso 4:28 inasema "Mwibaji asiibe tena". Haikusema apunguze.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Mkristo anaweza kuishi bila dhambi, kwanza nauliza: dhambi ipi? Maana ziko ambazo hakuna sababu ya kusubiri mbinguni ili ziishe. Kumpiga mke wako unaweza kuacha leo. Kuongeza tarakimu kwenye risiti ya ofisi unaweza kuacha leo. Nyumba ndogo unaweza kuifunga leo, ukahudumia watoto uliowazaa humo, na usiirudie. Si rahisi, na wengi watahitaji ndugu wa kuwashika mkono, lakini neema iliyoahidiwa katika Warumi 6 inatosha kwa hilo. Kumwambia mlevi aliyeokoka kwamba ataendelea tu kulewa kwa kuwa yeye ni binadamu ni kumnyang'anya injili. Tena tusichanganye kujaribiwa na kuanguka. Bwana mwenyewe alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi. Wazo baya likipita kichwani nawe ukalikataa, umeshinda, hukuanguka. Yule binti wa benchi la nyuma sehemu kubwa ya mzigo wake ilikuwa hii: alihesabu kila jaribu kuwa dhambi.

Lakini babu huyohuyo alikuwa na hasira. Nilikulia nyumbani kwake, namjua. Angeweza kumfokea bibi kwa sababu ya maji ya kuoga yaliyopoa. Na mara nyingi, kabla taa haijazimwa, ungemsikia chumbani akisema kwa sauti ya chini: "Mama, nimekosa." Asubuhi yake angekwenda kwenye ushirika wa ndugu na kuliweka hilo mbele ya watu, kisha akasema ameokoka na Yesu anamtosha. Sikuwahi kumwona akitatizika kwamba maneno hayo mawili, nimeokoka na nimekosa, yanapingana. Kilichokuwa kinapungua mwaka hadi mwaka ni muda kati ya kosa na toba. Nilipokuwa mdogo alimaliza siku mbili amenuna. Nilipomaliza sekondari ilikuwa dakika chache.

Sisemi Uamsho haukuwa na makosa. Walokole walipeana vipimo vya mavazi na nywele, wakachunguzana, na wengine wakageuza ushuhuda kuwa mahakama. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, walifukuzwa baada ya kugombana na uongozi. William Nagenda, mhubiri wa Uamsho, alikuwa mmoja wao, na makovu ya ugomvi ule yalidumu. Baadaye likatokea kundi la Bazukufu, yaani walioamka, lililofika mahali pa kuhesabu hata kukopa fedha kuwa ni dhambi. Ndivyo inavyokuwa tunapotaka uhakika kwamba hatuna dhambi: tunaandika orodha tunayoweza kuitimiza, kisha tunaipima kwa jirani.

Siku hizi kuna fundisho linalovuma kutoka upande wa pili. Linasema dhambi zote, za jana, za leo na za kesho, zimekwisha samehewa, kwa hiyo Mkristo hana haja ya kuungama, na kwamba "Tukiziungama dhambi zetu" iliandikwa kwa wasioamini. Naelewa kwa nini linavutia. Waliochoshwa na orodha wanapumua. Lakini Yohana amesema "tukiziungama", amejihesabu na yeye humo, na wasomaji wake anawaita watoto wangu. Isitoshe, mke aliyefokewa hana habari na mjadala wetu wa wakati uliopita na ujao. Anasubiri kusikia neno moja.

Kuna jambo la mwisho katika hili ambalo nililielewa kwa kuchelewa. Mtunga Zaburi anauliza: "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Unitakase na mambo ya siri." Nilizoea kudhani mambo ya siri ni yale tunayowaficha watu. Mwaka 1996, babu akiwa ameshapoteza macho, aliniita nikiwa likizo, akaniambia nichukue karatasi. Alikuwa amemkumbuka mama mmoja mjane, mkulima, ambaye jina lake halikuwa kwenye daftari la 1957. Hakuwa amelisahau. Kwa mama yule babu hakutumia mbinu ya goti. Alikuwa akikata nusu kilo tu kwenye kusoma, kama makarani wote walivyofanya siku zile, na hakuna aliyeuita wizi. Miaka karibu 40 ameomba, ameshuhudia, amewalea ndugu wachanga, na nusu kilo zile zilikuwa mahali ambapo taa yake haikuwa imefika. Wesley angesema hakuvunja sheria aliyoijua. Babu aliniambia: "Sasa naijua. Andika."

Nilipeleka bahasha mwenyewe, kwa baiskeli. Mjane alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake, naye sasa mtu mzima mwenye wajukuu, alinikaribisha barazani, nikamsomea barua yote. Alikaa kimya. Kisha akauliza hizo nusu kilo babu alizihesabuje, nikamwambia alihesabu misimu sita halafu akaongeza. Akazifunga noti kwenye pindo la kanga, akaingia kwenye migomba, akarudi na mkungu wa ndizi, akaufunga yeye mwenyewe nyuma ya baiskeli.

"Mpelekee babu," akasema. "Umwambie mama alikuwa anajua."